Nimeisahau kwa Kuku

Kadi yangu ya buluu ina picha nisiyoipenda:
shavu moja limeingia, ushungi umekwenda mrama.
Chini wameandika MZEE ASAFIRI BURE.
Hayo ya mbele.
Ya nyuma yana herufi ndogo kama mayai ya chawa,
na herufi ndogo ndizo zilizonila macho:
miaka thelathini na moja nilipanga risasi
kiwanda cha chapa, nikisoma maneno kinyumenyume.
Kwa hiyo nilijua kabla sijaambiwa.

"Bibi," akasema Mundhir, kijana wa mashine, adabu tele,
"kadi hii ni ya mabasi."
"Na hili?"
"Hili ni la Egesha Upande."
"Upande upi?" nikauliza, nikidhani ubavu.
Akacheka, akajishika. "Upande, Bibi, yaani uingie.
Unaegesha gari hapa Amani, unapanda mpaka mjini.
Nauli imo ndani ya tiketi ya gari.
Wewe umeegesha gari gani?"

Nikautazama uwanja. Magari yamepangwa
kama herufi kwenye trei:
jeupe, jeupe, la kijivu, jeupe.
Langu mimi liko Sebleni, juu ya mawe,
tangu alipofariki Pandu.
Kuku anatagia kiti cha dereva.
"Langu limeegeshwa zamani," nikamwambia.
"Tiketi yake kenda nayo mwenyewe."
Hakunielewa. Nyuma watu wanasogea, mtu anakohoa.

Ndipo mwanamke mmoja, funguo mkononi,
akanipita ubavuni na kunishika kiwiko.
"Tiketi yangu ya watu watano, na mimi niko peke yangu.
Mama, ingia."
Mundhir akauliza, "Mama yako?"
"Mama yangu," akajibu, hakupepesa.
Na jina lake mpaka leo silijui.

Jumanne ya pili nilikuwa shangazi wa mwalimu wa skuli.
Ya tatu, bibi mzaa baba wa vijana wawili wa benki
waliobishana Michenzani nzima
nani kati yao nimemlea.
Nimekuwa mkwe wa fundi friji.
Nimekuwa somo wa mama mwenye pacha,
pacha mmoja kanitapikia, nikapangusa
kama wangu.
Wanauliza presha. Mia na sitini kwa mia, nawaambia,
na wao wanaguna kama watoto wa kweli,
wasiotaka kusikia.
Wangu wa tumbo yuko Maskati.
Hupiga Ijumaa, dakika mbili, na moja yake
ni "unanisikia? unanisikia?"

Halafu wakabandika karatasi kwenye kioo:
KUANZIA LEO KADI ZA WAZZE ZITAPOKELEWA.
Zedi mbili. Nilijizuia kutoa kalamu.
Watu wakanipongeza kana kwamba nimeozesha.
Mundhir alifurahi kuliko mimi,
kaifuta mashine kwa pindo la shati lake.
"Bibi, iguse hapa. Iguse, ilie!"

Nikatia mkono mkobani. Kadi ipo,
baina ya tasbihi na kikaratasi cha daktari,
ncha zake kali, haijatumika hata mara moja.
Haki yangu hii. Nimeidai, nimeifokea,
nimemwandikia mkubwa wao barua mbili kwa mkono,
na kila nukta mahali pake.

Nyuma yangu mlango wa gari ukafungwa kwa kishindo,
funguo zikalia, viatu vikaja mbio juu ya kokoto:
"Mama! Ngoja, usipande peke yako!"

Nikautoa mkono mtupu.
"Mwanangu," nikamwambia Mundhir, macho chini,
"leo kadi nimeisahau nyumbani.
Nimeisahau kwa kuku."