Kipimo cha Kiberiti

Mama hakuniachia shamba wala ng'ombe.
Aliniachia njiti ya kiberiti na akili ya kuitumia.
"Chomoa uzi," alisema, "uchome, kisha unuse.
Pamba hunuka karatasi,
huacha jivu; ukilipuliza, halipo.
Hii nyingine hujikunja, hudondosha chozi jeusi,
na chozi lile likiganda
hata jino halilivunji."

Miaka kumi na tisa alifanya kazi jineri.
Jioni alirudi bibi kizee, kichwa cheupe pepe;
tukamkung'uta mlangoni
akawa mama tena.

Mimi niko Mlango Mmoja, meza ya tatu toka kwa muuza viatu.
Belo nalikata alfajiri, kisu kikiogopa kilichomo.
Zamani ungepata mashati ya kuvaa hadi yawe matambara,
na matambara hadi yawe utambi wa koroboi.
Siku hizi nguo inateleza mkononi kama kambale,
ukiivua gizani inatoa cheche.
Jezi za timu nisizozijua.
Gauni la sherehe moja tu.
Makoti ya baridi, hapa Mwanza, mwezi wa kumi!
Wateja wanasifu: haipauki, haikunjiki,
unaianika huku unaianua.
Nami nauza. Nina watoto watatu na pango la meza.
Sijifanyi mtakatifu.

Zisizouzika tunaziita fagia.
Nani anazifagia, hatuulizani.
Vuli ikigonga mabati ya Mabatini
Mto Mirongo unaamka na njaa yake,
unazoa chupa, kandambili, sidiria,
na mkono wa sweta unaopunga
daraja hadi daraja
mpaka ziwani, kusiko na wa kuupokea.

Siku moja Nyamizi, mpasua samaki wa Mwaloni,
alinijia na kopo la utumbo wa sangara.
Ndani, uzi wa bluu, mrefu kama dole gumba.
"Wako huu, mama mitumba?"
Alicheka. Nami nikacheka, kisha nikatoa kiberiti.
Ukajikunja.
Chozi jeusi likadondokea mezani kwangu,
lipo hadi leo, pembeni mwa fulana za watoto.

Mama alikufa Januari, saa ya kuchota maji.
Shemeji akaleta sanda: nyeupe, inayong'aa, ya bei nafuu.
Nilichomoa uzi mbele ya waombolezaji.
Shangazi Ng'wasi akafumba macho; walidhani nimerukwa na akili.
Njiti ikawaka. Uzi ukalia kabla yangu.
"Rudisha dukani," nikasema. "Hii haitamwachia."

Basi tukatafuta pamba katika nchi ya pamba,
ambako malori yanapita yamejaa, yakidondosha vishungi
vinavyonasa kwenye miiba kama mbegu za theluji ya kusimuliwa.
Duka kwa duka. Tetroni. Tetroni. "Mchanganyiko, dada."
Jioni tulifungua sanduku lake mwenyewe:
chini ya vyeti vya ubatizo, jora nusu la kitambaa ghafi,
walilomlipa mwaka ule mishahara ilipokwisha,
lina rangi ya ugali wa jana, lina vipele vya mbegu.
Sikulichoma. Nililinusa tu.

Tulimzika Misungwi.

Mwaka umepita, nimekwenda kupalilia.
Nyasi zimekwishashika, na mchwa wamejenga kichuguu kidogo upande wa miguuni.
Udongo unajua kazi yake; huko chini, nadhani,
hakuna tena nguo wala deni.

Ila juu, shada la maua tuliloweka sisi,
waridi kumi na mbili za plastiki,
bado jekundu kama jana.
Halijanyauka hata petali moja.

Nikaling'oa, nikalipangusa vumbi,
nikakaa nalo magotini njia nzima hadi mjini,
nikitafuta pa kulitupa.