Ubao wa Kitanda

Bwana wa makumbusho alivua glavu,
akaupapasa ubao wa Hallbera kwa ncha za vidole,
akauliza: huu ni mtindo gani?

Sikujua pa kuanzia.
Nikaanza na mto.

Kuna mto Siberia, jina lake linanishinda kulitamka,
unaokula kingo zake kila theluji inapoyeyuka.
Msonobari uliosimama miaka mia mbili
hulala majini na mizizi yake, na udongo wake;
barafu huukumbatia, huutembeza juu ya utosi wa dunia
mwaka, miaka mitatu, minne, hakuna anayehesabu,
mpaka asubuhi moja uko hapa Strandir,
mkavu kwa chumvi, mweupe kama mfupa,
mlangoni pa watu wasio na mti hata mmoja
wa kufungia farasi.

Kwetu msitu huletwa na bahari.

Gogo hili, nikamwambia, lilipasuliwa kwanza boriti,
maana paa la udongo ni zito, na likianguka haliombi radhi.
Kisha mashua. Kisha mpini wa reki, ndoo ya maziwa,
kisha jeneza la Ketill, kitinda mimba wao.
Kilichobaki ni ukanda huu, upana wa kiganja,
wa kuzuia aliyelala asidondoke kitandani.
Ndicho alichopewa Hallbera, na kisu.
Unashangaa kwa nini maua yamebanana?
Jeneza lilichukua nafasi.

"Na mzabibu?" akasema, macho yakicheka kidogo.
"Mzabibu, kaskazini yote hii?"

Hallbera hakuwahi kuona mzabibu.
Aliuona umedariziwa kwenye kitambaa cha altare
kilicholetwa na mfanyabiashara wa Kideni
(enzi hizo hata sindano ilinunuliwa kwake tu,
na mtu aliweza kuchapwa viboko
kwa kuuza samaki wake mahali pasipo pake).
Jumapili tatu alikikodolea macho, mchungaji akihubiri,
akarudi nyumbani na mzabibu kichwani,
maili saba za upepo wa mvua,
na njiani mzabibu ukalowa.
Yatazame majani: yana mikunjo ya mwani,
ule mwekundu tunaoukausha na kuula na siagi.
Zitazame zabibu: ni mayai ya samaki.
Mkono huchonga kilichowahi kuingia mdomoni.

Herufi zimesimama bega kwa bega
kama watu wa chumba kimoja katikati ya Januari.
*Bwana unilinde na u*
na hapo ubao ukaisha.
Usiku? Upepo? Ukiwa?
Mimi kilembwekeza wake nimelala chini ya neno hilo
utoto wangu wote, kila usiku nikilimalizia tofauti.

Ukaja mwaka wa majivu, mlima ulipotapika,
kondoo wakafa wakiwa wima.
Watu walichoma viti, wakachoma makasia.
Ubao huu haukuchomwa. Sijui kwa nini.
Ningekuwa mimi, kwa baridi ile, ningeuchoma.

Bwana yule aliandika kwenye kadi yake:
*sanaa ya kienyeji, mchanganyiko.*
Akanishukuru. Akavaa glavu.

Siku hizi barafu imepungua huko juu,
na gogo lisilobebwa na barafu
hunywa maji mpaka likazama katikati ya safari.
Mwaka huu yalifika mawili tu, membamba,
na boya la plastiki, rangi ya chungwa,
lenye maandishi ya bandari nisiyoijua.

Eydís, binti yangu, amelichukua boya.
Anapasha patasi moto kwenye jiko la gesi,
anachonga dirisha likiwa wazi kwa sababu ya harufu.
Majani yanatokea, manene, midomo yake imevimba,
hayafanani na mwani wala na mzabibu.
Nikamuuliza ni majani ya nini.

"Sijui," alisema, bila kuinua kichwa.
"Ndivyo plastiki inavyokubali."