Sita

Kazi yangu ni kuhesabu hatua.
Nimepewa daftari, saa ya kubonyeza na mkorosho mmoja,
huu wa tatu kutoka barabara ya Nanyamba,
ambao mwaka huu haukupigwa salfa ili maji moto wakae.

Wanakaa. Wanashona majani.
Mmoja anang'ata kiuno cha mwenzake, naye cha mwenzake,
mnyororo wa viuno mpaka jani la mbali likubali kuja.
Anayewaamuru simwoni. Nimemtafuta wiki tatu.

Esha Nambunga ndiye aliyeniajiri.
Roboti yake ni ya bati la kopo na mota za midoli,
miguu sita, jicho moja la kioo.
Akaiita Sita, akamwachia udongoni.
"Kutembea sikumfundisha," aliniambia.
"Nimemfundisha kuanguka, na kukumbuka alivyoanguka."

Jumanne akachukua bisibisi, akamng'oa mguu.
Wa kati, kushoto.
Nikamwuliza, dada, na jina je?
"Andika muda," akasema.

Nikaandika. Dakika ya kwanza anazunguka kama kuku aliyechinjwa.
Ya nne amelala ubavu, anapapasa hewa.
Ya saba kimya, nikadhani betri.
Ya tisa akanyanyuka
na mwendo ambao hakuna aliyempa,
mwendo wa mtu mwenye kiatu kimoja,
akapita jiwe, akapita ganda la korosho.

Ganda.

Miaka kumi na moja nilibangua kiwandani, Mtwara mjini.
Mafuta ya ganda yalikula mistari yote ya vidole vyangu.
Nilipokwenda kusajili laini ya simu
kijana akanibonyeza gumba, shahada, cha kati.
"Mama, jaribu kingine."
Nikajaribu vyote kumi.
Mashine ile ilijua njia moja tu ya kumjua mtu.
Nikarudi nyumbani bila laini, mtu mzima nisiye na alama.

Lakini vidole havikungoja kuhurumiwa.
Vilijifunza kusikia kwa kucha:
hii nzima, hii imeoza, hii ina mdudu,
hata umeme ukikatika.
Hakuna aliyeniwekea saa.

Alasiri maji moto walimpata Sita.
Walimng'ata bati, wakammwagia ukali wao wote, wakakosa damu.
Kisha, sijui nani alimwambia nani,
wakaanza kupita juu yake
kama tawi.

Palipong'olewa mguu pana pengo, upana wa kidole.
Wa kwanza alisimama ukingoni, akapunga papasi.
Wa pili akamshika kiuno.

Esha akauliza nimeandika nini.
Daftari lina safu mbili: Ameshindwa, Ameweza.
Nilikuwa nimechora ya tatu.
Sikuipa kichwa.