Safu ya Thamani

Kizuri chajiuza, husema watu.
Ingekuwa hivyo, mimi ningekula nini?
Nalipwa kwa saa, si kwa kamisheni:
sina duka, si dalali, sina ukuta wa kujaza.
Nusu ya kazi yangu ni neno "usinunue".
Jumanne nililisema mara saba
ghorofa ya kumi na nne, kwenye kampuni ya bima
iliyotaka picha thelathini za rangi ya zulia.
"Badilisheni zulia," niliwaambia, "ni nafuu."
Hawakucheka. Ankara walilipa.

Alhamisi nilishuka kwenye tramu, Ghent, katika manyunyu,
nikabisha kwa Bwana Odilon Claeys, mgane wa miezi mitano.
Watoto wake wanataka orodha kabla hawajagombana;
au baada, sikuuliza.
Nilipima, nikapiga picha, nikafungua mafaili:
ramani ya bandari iliyochujuka kwa jua,
farasi wa shaba, mzuri, sikio moja limeungwa,
kisha ile ya sebuleni, juu ya piano:
dirisha la jiko, birika, limau lililokatwa,
na nje ya kioo theluji ambayo haijaamua kuanguka.
"Ruysschaert," alisema, mkono kifuani kama aapaye.
"Niliinunua mwaka themanini na saba.
Hermien ndiye aliyeniletea habari zake."

Nikazima taa. Nikawasha ile ya urujuani.
Vanishi iliyozeeka huwaka kijani, kama maji ya bwawa.
Saini ilikaa juu yake, nyeusi, haikulowa,
nzi juu ya maziwa.
Mdomo huponza kichwa; katika kazi hii huponza na jina.
Nikanyamaza, nikaigeuza picha.

Nyuma, kwenye mbao za fremu, penseli iliyofifia:
*siagi, vitunguu, fundi wa paa.*
Akavaa miwani. Akasoma "siagi" kwa sauti.
Akarudia.
Mwandiko huo ameusoma miaka arobaini na mitatu
kwenye mlango wa jokofu.

Nasaba ya picha ilikuwa karatasi moja tu,
risiti ya duka la Wittebols, faranga laki mbili.
"Hilo duka lilikuwa mtaa gani?"
Hakujibu upesi.
Wittebols ni ukoo wa Hermien, kabla hajaolewa.
Duka halikuwahi kuwapo.

"Nilimwambia picha zake ni za ujia wa kwendea chooni,"
akasema, bila mimi kuuliza.
"Nilisema hivyo mbele ya wageni."
Na zile laki mbili?
Akatazama dari. Paa lile halijavuja tangu hapo.

"Sasa utaandika nini?"
Kitaalamu ni rahisi: si kazi ya Ruysschaert,
thamani ya bima, hakuna.
"Na ikiwa ni ya Hermien?"
Hakuna mnada uliowahi kumuuza, nikamwambia,
hakuna bei ya kulinganishia. Ziko ngapi?
"Nyingine nilizitupa tulipopaka rangi ujia."
"Basi iko moja tu duniani," nikasema,
na nikasikia sauti yangu ikinisaliti:
sauti ya mnadani, ile niliyoapa kutoitumia.

Nikaandika: *Hermien Claeys, wa ukoo wa Wittebols.
Rangi ya mafuta juu ya turubai.
Saini ya uongo, kwa mkono wa mchoraji mwenyewe.
Hali: nzuri. Nasaba: jikoni, kisha sebuleni.*
Penye thamani kalamu ikagoma.

Aliniuliza kama airudishe ukutani.
Nikampa ushauri alioulipia:
piano isogee kushoto, bomba la joto linaikausha turubai.
Akaisukuma mwenyewe, kwa bega, na miaka yake themanini na moja,
akikataa msaada wangu kwa kiwiko.

Saa ya tatu nimeiweka kwenye ankara.
Safu ile bado iko wazi.
Watoto wamepiga simu mara mbili.