Kutoteleza

Miaka ishirini na sita nilizikata nyasi hizi,
Jumanne na Ijumaa, inchi mbili na robo.
Juma lile walipokuja wa Dakota na vijana wao wepesi kama panzi
niliziacha zifike tatu, nikafungua maji usiku kucha,
asubuhi nikamwambia refa: mvua.
Refa akatazama mbingu, buluu kama sahani,
akaandika neno kijitabuni, akanyamaza.
Tulishinda kumi na tatu kwa kumi.
Sijutii. Mwenyeji ndiye amchaguliaye mgeni kiti.

Timu yetu ilikuwa timu ya matope.
Wana wa mashamba ya mahindi, mapaja kama magogo,
waliokua wakisukuma ndama zizini barafu ya Machi ikiyeyuka.
Yadi tatu, tena tatu, kisha nne,
mpira wa mfano wa yai umezikwa kifuani,
na wale wenye mbio zao wakipima kila hatua
kama mtu anayevuka chumba alimolala mtoto mchanga.

Kisha mwenye kiwanda cha mbegu akatoa pesa
(wa mbegu! nilicheka peke yangu bandani).
Yakaja malori na mazulia ya kijani,
chembe nyeusi za matairi zikamwagwa tani kwa tani.
Profesa Ostrander wa takwimu alikuwa na karatasi yake:
ugenini, kwenye plastiki, tumefungwa mechi tisa kati ya kumi na moja.
"Tukiiweka nyumbani," akasema kocha Haverkamp, "tutaizoea."
Mimi sikuulizwa.
Nilipewa ufagio wa injini, na Jumanne zangu nikarudishiwa.

Nisiseme uongo: Septemba ilikuwa tamu.
Marcellus Boykin, mtoto wa Luiziana,
aliyekuwa akinung'unika kwamba nyasi zangu zinamvuta soksi,
alipokanyaga zulia lile akawa umeme.
Alikata kushoto, alikata kulia,
wanaomkaba wakabaki wamekumbatia hewa.
Nilisimama na ufagio wangu nikapiga makofi.

Oktoba, robo ya tatu, mvua hakuna, tope hakuna.
Alikita mguu wa kushoto ili aende kulia.
Mguu ukashika.
Vingine vyote vikaenda.
Hakuguswa na mtu. Adui wa karibu alikuwa yadi tano,
akanyoosha mkono kana kwamba angeweza kumdaka.
Nilisikia toka langoni: bua kavu, likivunjwa mara moja.

Husemwa kuteleza si kuanguka.
Nimelitafuna neno hilo tangu siku ile.
Kwenye nyasi angeteleza,
njumu ingechimbua pande la udongo, yeye angekaa kitako,
watu wangecheka, naye angecheka,
na Jumatatu ningekwenda na ndoo ya mchanga na mbegu kuliziba shimo.
Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu, sikuijua jina:
nyasi ziling'oka ili goti lising'oke.

Ostrander ananiambia goti moja si takwimu.
Ni kweli. Nami ninacho kifundo kimoja dhamirini,
cha Roscoe Dvorak, Novemba ya baridi kali,
katika shimo nililoliziba haraka kwa sababu chakula kilikuwa mezani.
Ardhi nayo huvunja watu. Ila huwavunja
kama jamaa: kwa uzembe, kwa bahati mbaya, na baadaye ina aibu.

Nyuma ya banda wamesahau kipande,
mita nne kwa sita. Bado ninakikata.
Jana Marcellus alikuja na magongo yake,
akavua kiatu cha mguu mzima,
akasimama pale muda, vidole vikichezea umande.
"Ule mwaka wa Dakota," akauliza, "wazee wa timu wanasema ulifungulia maji."
"Mvua," nikamwambia.
Akatazama juu. Buluu tupu.
"Mvua," akasema.