Kitwa, Kichwa

Saa nane za usiku, Ganjoni, ghorofa ya tatu,
juu ya karakana ya majokofu ya Mbwarali.
Kompyuta yasema ni saa mbili.
Tulishazoeana, kila mmoja na saa yake,
alfajiri ni ileile.

Kitatuzi kimekataa kujengeka.
Si kila mahali. Kwenye mashine ya Swabra, Kisauni, kinajengeka.
Kwenye zile kubwa za ofisi, Nairobi, kinajengeka
kabla chai haijapoa.
Ni hapa tu, kwenye kibao kidogo cha kijani
kilichotolewa tumboni mwa mizani ya malori, Kilindini,
upana wake kama kitambulisho,
vumbi la klinka bado limo matunduni.

Mizani hiyo huganda lori likizidi tani ishirini na nane.
Haisemi kwa nini. Madereva hupiga honi, karani hupiga meza.
Ndiyo maana twataka kitatuzi: kiingie ndani,
kiisimamishe hatua kwa hatua, kiulize,
Ulikuwa ukienda wapi?
Sasa tabibu mwenyewe kalala kitandani.
Mganga hajigangi:
aliyesema hayo hakuambiwa ajaribu kabla ya Jumatatu.

Mistari mia nne na kumi ya makosa.
Nyekundu, nyekundu, nyekundu.
Nimejifunza kutoyaamini mengi yake,
hulia kwa sababu la kwanza limelia.
Napanda juu, juu zaidi, hadi kwa hilo la kwanza:
Muundo huu hauna kiungo kiitwacho rip.

Nimelitazama saa nzima.
Nimefuta, nimejenga upya. Nimelaumu maktaba,
nimelaumu feni, nimemlaumu Fahmi
aliyeandika faili hii akahamia Doha.
Stima ikapotea. Ikarudi.
Kosa likarudi nayo, halina hata tone la jasho.

Ndipo nilipoikumbuka nyekundu nyingine.
Darasa la nne, Tononoka, insha ya Mwalimu Wanjala.
Niliandika: Kitwa chaniuma.
Akapiga mkasi wa wino. Hakuna neno kama hilo.
Nikarudi nyumbani kitwa kikiniuma kwelikweli,
na mama, mkono ndani ya ungo akichagua mtele,
mtele, si mchele, akauliza:
Basi yeye akiumwa, huumwa wapi?

Rejista ipo. Haikupotea hata siku moja.
Kila prosesa ina mahali inapoweka kidole
ijue imefika mstari gani.
Kule huitwa rip. Hapa huitwa pc.
Kidole ni kilekile.
Fahmi aliandika jina la kwao
akadhani ndilo jina.

Sikulifuta lake. Nimeandika tu:
ikiwa uko kule, sema rip;
ikiwa uko hapa, sema pc;
ikiwa uko pengine nisipopajua,
simama useme hupajui. Usibuni.

Najenga.
Kibao hakina feni, nimekilaza juu ya kifuniko cha sufuria
kimnyonye joto.
Faili ya kumi. Ya arubaini.
Ya tisini na mbili, pale palipokuwa pakifia.
Tisini na tatu.

Chini, mtu anafungua mlango wa chuma wa Mbwarali.
Kitatuzi kimesimama, kielekezi chake chapepesa, changoja swali.
Onyo moja limebaki, la manjano,
juu ya faili nisiyoigusa. Nimeliacha.

Kwenye maelezo ya badiliko niliandika maneno sitini,
nikayafuta, nikaweka:
Hapa huitwa pc. Ni kitwa kilekile.
Swabra, ambaye pia halali, amejibu papo hapo:
Kitwa cha nani?

Nitamweleza. Nimezima taa.
Lori la kwanza la tani thelathini lapanda mizani saa mbili,
saa mbili yangu mimi,
si ya kompyuta.