Sauti ya Sita

Nilifika Bethesda saa nne kasoro, mvua ikipiga ubavuni,
sanduku la mashine begani, fomu ya kurasa kumi na nne kwapani.
Nyumba ya tatu kutoka kanisa lililogeuzwa ghala la mazulia.
Nesta alifungua kabla sijabisha.
"Anaelewa kila kitu," aliniambia pale pale mlangoni,
nami nikatikisa kichwa kama tulivyofundishwa,
kichwa kisichoahidi.

Akina mama wote husema hivyo.
Hilo sikuliandika. Nililiwaza tu,
na wazo halina kisanduku cha kutiwa alama.

Heulwen, miaka thelathini na minane.
Kiti chake cha magurudumu kimeelekezwa dirishani,
kwenye mlima wa vifusi vya mawe ya kuezekea
walioumega babu zake, kibao kwa kibao.
Mikono yake ina safari zake yenyewe.
Ulimi hauna mfupa, husemwa;
wake ulikuwa nao, na kila neno lilivunjikia hapo.

Nikafunga kamera chini ya kioo.
Fuata nukta. Akaifuata.
Tazama kikombe. Akakitazama.
Tazama mbwa. Akatazama mlango,
ambako kweli alilala mbwa,
mzee, ananuka soksi,
na mimi nilikuwa nauliza habari za mbwa wa kuchorwa.
Nikaandika: hapana.

Sehemu ya saba: uchaguzi wa sauti.
Ya kwanza, mtangazaji wa uwanja wa ndege.
Ya pili inakupa pole kabla hujafiwa.
Ya tatu msichana, ya nne dada yake, ya tano sijui nani, anatabasamu mno.
Ya sita ni ya mwanamume, nzito, ina changarawe,
sauti ya mtu anayerudisha dukani kitasa kibovu.

Akachagua ya sita.
Nikadhani jicho limeteleza. Nikarudia.
Ya sita.
Nikazipanga upya, maana wapo wanaopenda kona, si kitu kilichomo.
Ya sita, katika kona nyingine.
"Heulwen, mwanangu," Nesta akasema, akicheka kwa haya, "wewe ni mwanamke."
Nikaandika: kosa la kujirudia; huenda hajaelewa swali.
Wino mweusi, usiofutika. Ndiyo kanuni.

Ikaja chai.
Mashine niliisahau wazi kwenye ukurasa wa herufi.
Tukaongea bei ya umeme, mimi na mama yake, juu ya kichwa chake,
kama watu waliokaa na mgonjwa aliyesinzia.
Dakika ishirini na mbili.
Herufi, pumzi, herufi.

Kisha chumba kikanguruma:

ZA KIKE ZINAOMBA. HII INAAGIZA.

Mbwa akainuka kutazama nani ameingia.

Nesta alitua kikombe chake taratibu, kana kwamba kimejaa.
Miaka yote hiyo alijibu kwa niaba,
hana baridi, ameshiba, asante, anapenda ile ya bluu,
na hata siku moja hakuwahi kukisia sentensi ile.
Uchungu na furaha viligombea uso mmoja;
sikukaa kuona kipi kimeshinda, nilijifanya natafuta kalamu.

Herufi nyingine. Tukangoja.
Jaribu siku moja, kumngoja mtu bila kumalizia neno lake:
meno yanauma.

CHAI YANGU IMEPOA.

Garini nilifungua ukurasa wa tisa.
Yapo makosa ya kuona, ya kusikia, ya kukumbuka, ya kulenga.
Kosa la mpimaji halina safu.
Nikaandika pembezoni, kwa wino uleule, herufi zikapanda juu ya jedwali:
Sauti ya sita. Ameulizwa mara tatu, amejibu mara tatu.

Nyuma ya dirisha lile sauti nzito ilikuwa ikiagiza kitu.
Sikukisikia.
Wala hakikunihusu.